Kambi Isiyo na Mbu

Nimestaafu. Nina miaka kumi na sita, meno yangu yote yapo na mgongo hauniumi, lakini kazi nimeiacha mwenyewe bila kufukuzwa, na jambo hilo lina jina lake. Muhula uliopita bwana mmoja wa posta aliyestaafu alikuja shuleni kwetu, hapa Gisenyi, kutusomea kumbukumbu zake. Alisoma saa mbili, na saa nzima ilikuwa juu ya mihuri. Nilikaa nyuma nikingoja itokee hatari yoyote, hata bahasha moja ishike moto. Haikushika. Nikashtuka kujikuta naona wivu, maana mimi pia nina kazi ya kukumbuka, na yangu ina jambo ambalo hakuna aliyelisikia lote.

Nawaandikia ninyi wawili, Mado na Fiston, watoto wa mama mdogo, kwa sababu likizo ya Noeli mtairithi kazi hii na mimi nitakuwa nasomea mtihani wa serikali. Vyeo sitavitaja: nilianza nikiwa peke yangu katika idara na nikamaliza hivyohivyo. Mshahara nao sitautaja, kwa sababu haukuwepo. Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua mahali ambapo watu nisiowajua watalala na watoto wao, mahali ambapo asubuhi wataamka wote. Hiyo sehemu ya pili hakuna aliyeniambia. Nilidhani inajieleza.

Mnamjua Tonton Deo, kaka wa mama zetu. Miaka yote tuliyoishi Masisi, huko Kongo, alikuwa anauza vipuri vya baiskeli. Baada ya sisi kurudi Rwanda, shirika moja la misaada lilifunga ofisi yake hapa mjini likauza vitu vyake vyote, na Tonton, aliyekuwa amekwenda kutafuta kabati, akarudi na karavani. Ni nyumba nyeupe ya bati yenye magurudumu mawili, inayovutwa nyuma ya kamionete, yaani pikapu; ndani ina vitanda vya kukunja, jiko la gesi bila gesi, na beseni la kunawia ambalo maji yake hutoka yakijisikia. Mama aliizunguka mara mbili akauliza kabati liko wapi.

Hiyo ilikuwa Pasaka ya mwaka huu wa tisini na tisa. Barabara ya Kigali ilikuwa imetulia, watu walianza kusafiri bila kuaga kama wanaokwenda kufa, na Tonton akaniita.

"Furaha, batu ba Kigali banataka kuja kulala inje."

"Wamefukuzwa?"

"Hapana. Banataka tu. Wanaita vakansi."

Likizo. Sisi tuliporudi kutoka Kongo tulilala nje wiki tatu, chini ya shitingi, lile turubai la bluu, mvua ikituingia masikioni, na hakuna hata mmoja aliyeita ile vakansi. Sasa watu wenye nyumba za matofali na milango ya chuma watatoka Kigali kuja kulala kwenye bati karibu na ziwa, na watashukuru. Nikamuuliza Tonton kama ana hakika si wagonjwa.

"Bon, sikia," akasema. Tonton akianza na bon, keti. "Mahali ikuwe sawasawa, isiinamie. Dirisha moja ione Kivu, dirisha ya pili ione volkano. Donc ziwa huku, mulima huku. Isikuwe mbali na basoda benye bunduki, lakini isikuwe karibu sana, batakuja kuomba chai. Na karatasi ya responsable lazima."

Vyombo nilivyopewa vilikuwa vitatu. Cha kwanza, chupa ya limonadi yenye maji nusu: unailaza juu ya sakafu ya karavani, na maji yakikimbilia upande mmoja, unatia mawe chini ya gurudumu mpaka yatulie. Cha pili, kamba ya kupimia kama kamionete itaweza kugeuka. Cha tatu, jina la Tonton, ambalo kwa responsable wa sélule, yule kiongozi wa mtaa, lilifungua mlango na kwa wengine wote lililifunga.

Siku ya pili nilipanda kwenye mawe meusi ya zamani ya volkano, juu ya mji, upande wa kuelekea mpaka. Huko nikamkuta Mama Sifa. Sasa hivi mnamwona kama mama yeyote mwenye mbuzi sita na kitenge kilichofifia. Mimi nilimkuta ameshika kamba, na mwishoni mwa kamba kuna katadowa inayowaka, ile taa ya mkebe wa nyanya yenye utambi na mafuta ya taa, ambayo waliotoka Tanzania huiita koroboi. Alikuwa anaishusha polepole kwenye kibonde kidogo, kama mtu anayevua samaki kwenye nyasi. Ilikuwa saa tano ya asubuhi na jua limejaa.

"Mama, jua halikutoshi?" nikamuuliza.

"We simama nyuma yangu, acha kucheka. Mazuku iko inalala hapa."

"Mazuku ni nani?"

"Anakula mbuzi. Mwaka ya jana alikula yangu tatu. Bila damu."

Katadowa ilifika chini ikazimika. Hakukuwa na upepo. Akaivuta, akaiwasha tena, akasogea hatua ishirini, akaishusha pengine. Safari hii moto ukaendelea. Akapiga mluzi, mbuzi wakashuka kula, naye akakaa juu ya jiwe kana kwamba hajafanya jambo lolote la ajabu.

Mimi nilishtuka, lakini si kwa sababu inayofaa. Nilishtuka kwamba mtu mzima anamwashia shetani taa ili kumuuliza kama yuko nyumbani. Masisi kwetu ni milima ya ng'ombe; mazuku hatukuwa nayo, tulikuwa na majina mengine ya kutishia watoto. Na mimi nilijihesabu mtu wa sayansi. Muhula huohuo Monsieur wa kemia alikuwa ametuchorea ubaoni mshumaa ndani ya glasi, na nilipata nane juu ya kumi. Mbili alinikata kwa sababu mshumaa wangu niliuwekea sura yake yeye, Monsieur.

Lakini Mama Sifa alijua kila kipande cha ardhi ni cha nani, nani amekufa, nani amerudi, na nani anadai kwamba amerudi. Bila yeye ningeegesha karavani katikati ya kesi ya urithi. Kwa hiyo nilimfuata likizo nzima ya Pasaka, na ananitukana, na ananifundisha. Mwisho wa wiki ya kwanza alinipa katadowa ya ziada na kamba yake, yenye fundo.

"Usichague mahali bila hii. Shusha mpaka fundo ifike kwa mukono yako. Hapo taa iko mahali mbuzi anaweka pua."

"Na kama mimi si mbuzi?"

"We unaweka pua kila mahali, donc ni sawa tu."

Nikafanya alivyosema. Nilifanya kama mtu anavyofanya ishara ya msalaba mbele ya mlango wa mwalimu mkuu: haigharimu kitu. Pasaka ile tuliegesha mara tatu, na mara tatu katadowa iliwaka, na watu walilala wakaamka wakatupungia mkono. Nikaona kazi ni nyepesi.

Likizo kubwa ilinionyesha vingine. Kesi ngumu ya kwanza ilikuwa Rubona, bandarini. Nilipata mchanga mweupe, laini, ulionyooka kama meza, maji ya chupa hayakutikisika hata kidogo. Mteja alikuwa bwana wa ofisi aliyekulia Uganda, anayesema Kiingereza hata akijikwaa. Asubuhi alifungua mlango akakuta karavani imezungukwa na samaki. Wanawake wa Rubona walikuwa wametandaza sambaza zao kukauka pande zote, mpaka kwenye ngazi, na kwenye fimbo ya mbele inayofungwa kwenye gari walikuwa wameanika wavu. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni kwa soksi, hana pa kukanyaga.

"Mama, mnaweza kusogeza kidogo?" nikamwomba mmoja.

"We mutoto, nani amesogea kwa nani? Umeweka nyumba juu ya meza yetu halafu unatuomba tuondoe sahani?"

Walimtolea bwana yule njia ya mguu mmoja. Akapita kama korongo. Aliporudi walikuwa wameifunga.

Ya pili ilikuwa Mahoko. Kule nilichagua uwanja mzuri wenye volkano nzima dirishani, na niliuliza kila kitu isipokuwa siku ya soko. Sasa fikirini: karavani ina dirisha la pembeni linalofunguka kwenda juu, na chini yake kuna kibao. Asubuhi, mama mteja alifungua dirisha apate hewa, akakuta foleni. Wa kwanza alitaka sabuni ya kipande. Mama akamweleza kwamba yeye yuko likizo. Yule akamwambia, basi nipe chumvi. Tulipofika saa nne kumwokoa, alikuwa ameshatoa sukari yake yote na nusu ya majani ya chai, na alikuwa anawagombeza watu waheshimu foleni.

Haya nawaambia ili mjue kwamba kosa katika kazi hii, kwa kawaida, linachekesha. Nililizoea hilo. Ndilo lililoniharibu.

Mwezi wa nane Tonton alikuja kuniangalia nikiwa kazini. Nilikuwa nimeinama kwenye mtaro na katadowa yangu, mashavu yamejaa masizi, na nyuma yangu familia ya Kigali ikingoja ndani ya gari na madirisha yamefungwa. Maneno yake aliyasema nyumbani.

"Unanipatisha haya, Furaha. Niko na karavani yenye lavabo ya kunawa. Na we unatembea mbele ya bateja na katadowa mchana, kama mutu wa pori."

"Ni Mama Sifa..."

"Mama Sifa iko na karavani?"

Jioni ile alirudi kutoka Petite Barrière, ule mpaka mdogo wa Goma ambako kila kitu hupita kichwani mwa mtu, na akanipa tochi. Betri tatu, mwili wa chuma unaong'aa, kitufe chekundu, na uzi wa kuvaa shingoni. Ninyi wawili mlilia mkiitaka, msikatae. Nilifurahi mpaka sikupata usingizi. Katadowa nikaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Na sasa nieleze jinsi akili ya mtu aliyepata nane juu ya kumi ilivyofanya kazi. Nilijiambia: katadowa inatoa mwanga, tochi inatoa mwanga, na tochi inatoa mwingi zaidi. Basi niliifunga tochi kwenye kamba ileile yenye fundo lilelile, na kila mahali niliposhuka niliishusha mpaka mahali ambapo mbuzi anaweka pua. Iliwaka. Niliipandisha. Iliwaka. Sikuruka hata hatua moja. Mama Sifa alikuwa amekwenda Mahoko kwa msiba wa dada yake, wiki nzima, kwa hiyo hakuna aliyeniona.

Ndipo akaja Baba Neema. Alikuwa mwalimu, amekulia Tanzania, sasa anafanya kazi ya ofisi Kigali, na alizungumza Kiswahili kilichopigwa pasi. Aliandika barua kabla ya kuja. Hakudai volkano wala ziwa. Aliomba kitu kimoja: binti yao wa miaka mitano alikuwa ametoka tu kuugua malaria, mara ya pili mwaka huo, na mama yake alisema kama kuna mbu hatashuka garini. Mahali pasipo na mbu. Karibu na Kivu. Tonton alisoma barua akacheka, akanipa.

Nilitafuta siku mbili. Mji wote unauma, mnaujua. Siku ya tatu, juu kule kwenye mawe meusi, hatua kama mia mbili kutoka malisho ya Mama Sifa, nikakuta kibonde chenye umbo la sahani. Chini palikuwa tambarare. Upande mmoja penye mwanya unaona ziwa, upande wa pili volkano imevaa wingu lake. Nyasi zilikuwa ndefu, za kijani, na hakuna mbuzi aliyezigusa. Nikasema, bahati gani. Nilikaa pale saa kumi ya alasiri, upepo wa ziwa unapuliza, nimekunja sketi, miguu wazi, nusu saa nzima. Hakuna mbu hata mmoja. Hakuna chura. Nilidondosha sukari kidogo nione kama kuna sisimizi. Hakuna aliyekuja. Nikashusha tochi, ikawaka kama jua dogo.

Nilijiona fundi. Nawaambia kweli, niliporudi nilikuwa natembea kama mtu mwenye cheo.

Walifika kesho yake alasiri. Mtoto ndiye aliyeshuka kwanza, amekumbatia kuku mwekundu waliyemnunua Mahoko njiani.

"Shikamoo, dada," akaniambia.

Nilishtuka. Kwetu salamu hiyo hatuitumii, na hakuna aliyewahi kuniheshimu kiasi hicho. Nikamjibu, "Ndiyo." Baba yake akanong'ona kwamba jibu ni marahaba. Nikalisema, na nikaona nimezeeka vizuri.

"Huyu anaitwa Zuhura," Neema akasema juu ya kuku.

"Huyu anaitwa chakula cha mchana wa kesho," mama yake akasema, akimfunga kuku mguu kwenye gurudumu la karavani. Kisha akasimama, akajiangalia mikono, akaangalia hewa. "Kweli hakuna mbu. Baba Neema, njoo uone. Hakuna hata mmoja."

"Binti, umetupatia pepo," akasema Baba Neema.

Neema alilia kidogo kwamba atalala nje na Zuhura, chini ya karavani. Mama akakataa. Niliwaacha wakibishana, nikaenda nyumbani nimevaa tochi yangu shingoni.

Asubuhi nilikwenda mapema na mikate na maziwa, kama kawaida kwa siku ya kwanza ya wateja. Jua lilikuwa halijafika. Upepo hakuna, ziwa limelala, hata moshi wa mjini ulikuwa umesimama juu ya nyumba. Ukingoni mwa kibonde nilikuta ndege wadogo wawili kwenye nyasi, wamekufa. Nikafikiri ni mtoto mwenye manati. Nikashuka. Kichwa kilianza kuniuma na miguu ikawa mizito, nikailaumu mikate.

Baba Neema alikuwa amesimama kwenye ngazi ya karavani, na chini yake, kwenye nyasi, jiko la makaa.

"Umeamkaje, binti? Hebu nieleze, viberiti vya huku vina ugonjwa gani?"

Akawasha njiti. Iliwaka vizuri mkononi mwake. Akainama kuipeleka kwenye jiko, na ilipofika usawa wa goti langu ikazimika, kama mtu ameichovya kwenye maji. Akawasha nyingine. Ikazimika palepale. Ya tatu palepale. Alicheka, akashika kichwa. "Sijawahi kudharauliwa na kiberiti namna hii."

Mimi pia nilicheka. Kisha nikaona moshi wa zile njiti. Haukupanda. Ulikuwa umejitandaza hewani, bapa kama shuka, juu ya kitu ambacho sikukiona.

Nikaangalia kwenye gurudumu. Kuku alikuwa amelala na shingo imenyooka. Hakuna damu.

Ubao wa Monsieur ulinirudia wote, na chaki yake, na sauti yake ya puani: gesi ya kaboni, haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, inazima moto. Hewa isiyowasha mshumaa. Nilikuwa nimeichora. Nilikuwa nimeuwekea mshumaa pua na miwani. Na Mama Sifa alikuwa ameniambia kitu hichohicho kwa maneno manne, na sikuwahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja kichwani hata kwa dakika moja, kwa sababu moja lilitoka ubaoni na jingine lilitoka kwa mama wa mbuzi.

"Neema yuko wapi?" nikauliza.

"Amelala na mama yake."

Sauti ya mama ikatoka ndani, ina usingizi. "Si ametoka sasa hivi? Nimesikia mlango. Nilidhani yuko na wewe."

Baba Neema akanitazama. Mimi nilikuwa naangalia chini ya karavani. Upande wa pili wa gurudumu kulikuwa na nyayo mbili ndogo, zimeelekea juu. Alikuwa ametoka kimyakimya, baba yake alipokwenda garini kuchukua makaa, ili amuage kuku wake, na akalala ubavuni mwake.

Nilikimbia nikaanza kuinama, na hapo nikasikia sauti kutoka juu ya ukingo.

"Usivute pumuzi! Furaha, funga kinywa! Usivute!"

Mama Sifa. Alikuwa amerudi kutoka msibani jana usiku, na asubuhi alipotoa mbuzi akaona nyumba nyeupe imesimama ndani ya shimo ambalo miaka yote anawazuia mbuzi wake wasilikanyage. Alikuwa anateremka akikimbia, katadowa mkononi, kitenge kimefunguka.

Nilifunga kinywa kama tunavyofanya tukipiga mbizi Rubona. Nikaingia chini, nikashika vifundo vya miguu ya Neema, nikavuta. Alikuja kama nguo iliyolowa. Kifua kiliniwaka, nikawa naona vinukta vyeusi, lakini sikuvuta pumzi. Baba yake akamnyakua mikononi mwangu.

"Juu!" Mama Sifa akapaza sauti. "Muweke juu ya bega! Panda naye juu! Na we mama, toka umesimama wima, viatu uache, usiiname!"

Mama Neema alitoka pekupeku, amesimama wima kama alivyoamriwa, mikono imenyooshwa mbele, na hakuuliza swali hata moja. Tukapanda. Ukingoni Baba Neema alimlaza mtoto kwenye jiwe. Midomo ilikuwa na rangi ya ziwa. Mama Sifa akampepea kwa kitenge, akampiga nyayo kwa kiganja, akampepea. Baba Neema alikuwa anasema jina la mtoto kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mezani. Mama yake alikuwa ameshika mkono wangu, na kucha zake zilinitoa damu, alama ninayo.

Nilitazama kifua cha yule mtoto. Mbuzi walikuwa wanakula. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwasikia mbuzi sita wakitafuna.

Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akatapika kwenye shati la baba yake, akalia, na neno la kwanza lilikuwa, "Zuhura?"

Mama Sifa akaketi chini. Katadowa yake ilikuwa bado inawaka kando yake, huku juu.

Daktari wa hospitali alimwangalia Neema siku nzima akasema hana neno. Walirudi Kigali jioni ile. Kabla hawajaondoka, Baba Neema alinishika mabega mbele ya Tonton na mbele ya watu.

"Binti, umeniokolea mwanangu. Ulijuaje?"

"Tulisoma shuleni," nikasema.

Hakuna neno la uongo katika hayo mawili. Nilishtuka jinsi yalivyotoka kirahisi. Tonton alifuta machozi, na wiki hiyohiyo habari ilifika parokiani, shuleni na sokoni: mpwa wa Deo, sayansi, uhodari. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya shule. Monsieur wa kemia alinirudishia zile alama mbili. Mama Sifa peke yake ndiye aliyenitazama shingoni, penye tochi, kisha usoni. Kesho yake nilikwenda kwake.

"Iko wapi katadowa yangu?"

"Nyuma ya mlango, nyumbani."

"Nyuma ya mulango haiko mbuzi."

"Uliniambia ni shetani, Mama Sifa."

"Mi nilisema mazuku. Shetani umemuleta we mwenyewe." Akanionyesha shingoni kwa kidole. "Kile kitu kinang'aa, ulikishusha pale?"

"Nilikishusha."

"Kikasema nini?"

Mama Sifa hakumwambia mtu yeyote. Nilingoja amwambie Tonton, nikangoja wiki, nikangoja mwezi, na hajasema mpaka leo. Nadhani alikuwa ananingoja mimi.

Mwezi uliopita ilikuja bahasha kutoka Kigali. Ndani kulikuwa na picha aliyoichora Neema kwa rangi. Kuna karavani. Kuna kuku mwekundu mwenye mabawa, yuko angani. Na kuna mimi, mkubwa kuliko karavani, nimeshika tochi, na kutoka kwenye tochi inatoka miale ya njano inayojaza karatasi yote mpaka pembeni. Chini, baba yake ameandika kwa mwandiko wake mzuri alichosema Neema mwenyewe: dada alinitafuta kwa taa yake, akaniona.

Tonton ameibandika sebuleni. Mmeiona. Mimi nakula nimeipa mgongo.

Basi, Tonton, najua utayasoma haya kabla ya Mado na Fiston, kwa sababu hukuwahi kuona karatasi ya mtu ukaipita. Pale mahali nilipachagua mimi. Tochi ulinunua wewe, lakini kamba niliishika mimi, na aliyenifundisha nilimcheka. Nimemwandikia Baba Neema haya yote, pamoja na jina la Mama Sifa, ambaye hakuna aliyemshukuru. Barua niliitia posta juzi. Jibu halijaja, na likija halitakuwa na picha. Sitachagua mahali pengine pa mtu kulala.

Ninyi wawili, kazi iko hivi. Ulizeni siku ya soko. Ulizeni wanawake wanaanika nini na wapi. Nyasi nzuri ambazo mbuzi hawazigusi, msizisifu. Kibonde kipimeni alfajiri, wakati upepo umelala na mazuku imetulia chini. Alasiri kila mahali ni pepo. Katadowa ipo nyuma ya mlango, nimeisafisha na kuitia utambi mpya, na fundo la kamba sikulifungua. Mwiteni Mama Sifa mama, na mkimcheka, mcheke mkiwa mmesimama nyuma yake.

Tochi nayo nimewaachia, ya kutafutia choo. Betri bado ni nzima na inawaka vizuri sana. Asubuhi ile, nilipoingia chini ya karavani, ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu, na niliibonyeza bila kujua. Iliwaka vizuri hata pale, karibu na kuku.